Maswali na Majibu: Rangi, Nasaba na Nafasi za Chuo Kikuu

Katika msimu huu wa kuomba vyuo tumepokea barua nyingi zinazohusu rangi, nasaba na haki katika kupata nafasi. Tumechagua tatu, kwa sababu kila moja inaligusa jambo hili kwa upande wake.

SWALI: Assalamu alaykum, Ndugu Mhariri. Binti yangu amemaliza kidato cha sita hapa Pemba na anaomba vyuo vikuu vya Marekani, kwa kuwa amesikia kwamba vipo vinavyotoa ufadhili kwa wageni. Katika fomu ya maombi kuna sehemu inayomtaka aeleze yeye ni wa rangi au asili gani. Babu yake mzaa baba alitoka Hadhramaut, bibi yake ni Mngazija, nami mama yake ni Mshirazi wa hapa hapa, ambaye kwetu hatujui mwanzo wetu zaidi ya Pemba. Kaka yake anamwambia aandike Mwafrika, kwa sababu huko weusi hupendelewa. Ami yake anasema Mahkama imekwishalipiga marufuku jambo hilo na kwamba akiandika chochote maombi yake yatatupwa. Ajaze nini? Na je, si dhulma kumpa mtu nafasi kwa ajili ya rangi yake?
Mama wa mwombaji, Wete

JIBU: Wa alaykumus salaam, mama. Swali lako la kwanza ni jepesi kuliko mabishano ya nyumbani kwenu yanavyolifanya, kwa hiyo nitaanza nalo. La pili nitalijibu pamoja na barua inayofuata, ambayo inauliza jambo hilo hilo kwa kirefu.

Sehemu ya fomu inayouliza rangi na asili ni ya hiari. Binti yako akiiacha wazi, hakuna atakayemhesabia kosa. Na akiamua kuijaza, anaruhusiwa kuchagua zaidi ya asili moja, jambo ambalo kwa mtoto wa Kipemba mwenye babu Mhadhrami na bibi Mngazija ndilo lililo karibu zaidi na ukweli. Kaka yake amekosea mara mbili. Kwanza, tangu tarehe 29 Juni 2023 Mahkama ya Juu ya Marekani imevizuia vyuo kuitumia rangi ya mwombaji kuwa sababu ya kumpa nafasi. Pili, hata kabla ya hukumu hiyo, vyuo vya Marekani vilipotoa hesabu za wanafunzi wao kwa serikali, mwanafunzi ambaye si raia wala mkaazi wa kudumu aliwekwa katika fungu la wageni, awe mweusi, Mwarabu au Mhindi, na ndivyo inavyofanyika hadi leo. Chuo kilichotaka kuonesha katika hesabu hizo kwamba wanafunzi wake weusi wameongezeka hakikufaidika na chochote kwa kumchukua kijana kutoka Wete.

Ami yake naye ameshika jambo la kweli akalivuta kupita mpaka wake. Mahkama haikuikataza fomu kuuliza. Ilichokataza ni jibu kuingia katika uamuzi. Ndiyo maana waendeshaji wa Common App, mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi vya huko, waliviwezesha vyuo kuyaficha majibu ya sehemu hiyo yasionekane na wale wanaosoma maombi. Hakuna maombi yanayotupwa kwa sababu mwenyewe amejaza.

Hapa pana kioja ambacho wasomaji wetu watakifurahia. Kwa utaratibu wa serikali ya Marekani uliokuwapo hadi Machi 2024, mtu mwenye asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini alihesabiwa kuwa Mzungu. Babu yake binti yako, lau jahazi lake lingemfikisha Detroit badala ya Pemba, angeandikwa Mzungu katika daftari la sensa pamoja na wajukuu wa Ireland na Poland, na sidhani kwamba majirani zake wangemwona hivyo. Mwezi huo ndipo watu wa asili hiyo walipoidhinishiwa fungu lao wenyewe, na idara za serikali zimepewa hadi 2029 kulitekeleza. Kwa hiyo binti yako akiyaona mafungu yale hayamwenei, asidhani kwamba kasoro iko kwake. Yalitungwa kwa historia ya nchi nyingine, na hata huko yanarekebishwa kila baada ya muda.

Ninachomshauri ni kuitia nguvu insha yake. Jaji Mkuu John Roberts, aliyeandika hukumu ile ya 2023, alisema wazi kwamba chuo hakikatazwi kuzingatia maelezo ya mwombaji kuhusu namna rangi yake ilivyoyagusa maisha yake, iwe kwa kubaguliwa au kwa kutiwa moyo, mradi maelezo hayo yanaonesha ujasiri au uwezo wa mtu mwenyewe. Binti yako aandike alivyosoma Kemia kwa Kiingereza ilhali nyumbani, sokoni na madrasa hazungumzi lugha hiyo, kama ndivyo ilivyokuwa. Asijitungie jeraha la ubaguzi ambalo hakulipata, kwa kuwa wanaosoma insha hizo husoma maelfu kila mwaka na uongo wa namna hiyo wanaujua harufu yake.

Kabla ya kukosa usingizi kwa ajili ya rangi, mtazame suala la fedha, ambalo kwa mwombaji wa nje ndilo mlango mwembamba kuliko yote. Vyuo vingi vya Marekani huutazama uwezo wa mgeni kulipa kabla ya kumkubali. Vichache, kama vile Harvard, Yale, Princeton na MIT, husema kwamba haviuzingatii wakati wa kuchagua, na kisha humsaidia aliyechaguliwa kwa kadiri ya haja yake. Ushindani wa kuingia huko ni mkali mno, kwa hiyo asiviombe hivyo peke yake.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, skuli yetu itafanya mdahalo wenye mada isemayo kwamba nafasi za vyuo vikuu zigawiwe kwa alama peke yake. Nimepangiwa upande wa kuiunga mkono, na mwalimu ametutaka tutumie mfano wa Marekani. Naomba unieleze kesi ile ya Harvard ilikuwaje, na ni hoja zipi zilizo nzito kila upande.
Mwanafunzi wa kidato cha tano, Mjini Magharibi

JIBU: Mwanangu, kosa la kwanza linalofanywa katika midahalo hii ni kuanza na hukumu ya kesi hiyo ya mwaka 2023, kana kwamba vyuo vya Marekani siku moja viliamka tu vikaanza kuwapendelea weusi. Anza mapema zaidi. Chuo Kikuu cha Texas kilimkatalia Heman Sweatt kusoma sheria kwa sababu ya weusi wake, kikamwanzishia skuli ya pembeni isiyofanana na ile ya Wazungu, mpaka Mahkama ya Juu ilipoamuru mwaka 1950 kwamba apokewe. Mwaka 1962 James Meredith alilazimika kuingia Chuo Kikuu cha Mississippi akilindwa na maafisa wa serikali kuu, na katika ghasia za kumpinga watu wawili walikufa. Rangi ilikwisha kuwa kigezo cha kuingilia chuoni kwa miaka mingi kabla haijawa kigezo cha kumsaidia mtu mweusi. Mpinzani wako akikwambia hivyo, usibishe, kwa sababu ni kweli.

Baada ya hapo vyuo vilianza kuizingatia rangi kwa makusudi ya kurekebisha, na mabishano yakahamia mahkamani. Skuli ya udaktari ya Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis ilitenga nafasi 16 katika kila 100 kwa ajili ya makundi ya wachache, kama vile weusi. Mwombaji Mzungu, Allan Bakke, akashtaki, na mwaka 1978 Mahkama ikasema kwamba kutenga idadi maalumu ni haramu, ila rangi yaweza kuwa jambo moja miongoni mwa mengi yanayotazamwa. Mwaka 2003 zilifika kesi mbili za Chuo Kikuu cha Michigan kwa pamoja. Utaratibu wa shahada ya kwanza, uliompa kila mwombaji wa makundi hayo pointi 20 katika mizani ya pointi 150, ulivunjwa. Ule wa skuli ya sheria, uliomtazama kila mwombaji kwa hali yake bila pointi za kudumu, ukaachwa. Jaji Sandra Day O'Connor aliandika wakati huo kwamba anatarajia baada ya miaka 25 upendeleo huo hautahitajika tena. Haukufikisha hata miaka hiyo.

Kesi unayoiulizia ilifunguliwa mwaka 2014 na jumuiya iliyoanzishwa na Edward Blum, mpinzani wa upendeleo wa rangi, dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina. Dai zito kuliko yote lilikuwa la waombaji wenye asili ya Asia, ambao alama zao za darasani zilikuwa juu lakini maafisa wa Harvard waliwapa, kwa wastani, alama za chini katika kipimo cha tabia na haiba. Jaji wa mahkama ya chini hakuona kwamba palikuwa na ubaguzi wa kukusudia. Mahkama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 2 katika kesi ya Harvard na 6 dhidi ya 3 katika ile ya North Carolina, iliamua kwamba mipango yote miwili inavunja haki ya watu kutendewa sawa mbele ya sheria. Inafaa ujue pia kwamba Jaji Clarence Thomas, aliyeunga mkono hukumu, na Jaji Ketanji Brown Jackson, aliyeipinga katika kesi ya North Carolina, wote ni weusi, na wameisoma historia ile ile wakafikia mwisho tofauti. Thomas anaona kwamba sheria isiyoiona rangi ndiyo kinga pekee inayoaminika. Jackson anajibu kwamba kuiondoa rangi katika sheria hakuiondoi katika maisha ya watu.

Sasa hoja zako. Iliyo nzito kuliko zote ni kwamba nafasi za chuo zina idadi, na kila anayeongezewa mizani kwa kundi lake humpunguzia mwengine ambaye naye ni mtoto wa mtu na hakumdhulumu yeyote. Inayofuata ni kwamba rangi peke yake haitofautishi hali za watu: mtoto wa daktari mweusi wa Boston na mtoto mweusi wa mfanyakazi wa shambani wa Alabama huingia katika fungu moja, na aghalabu wa kwanza ndiye huchukua nafasi iliyokusudiwa wa pili.

Pahala utakapobanwa ni hapa. Mahkama iliikataza rangi, lakini haikuamuru kwamba nafasi zigawiwe kwa alama peke yake. Iliuacha wazi mlango wa watoto wa waliowahi kusoma hapo, wa wachezaji wa michezo, wa jamaa za wanaochangia fedha, na wa watoto wa wafanyakazi wa chuo. Takwimu zilizotolewa katika kesi hiyo hiyo zimewawezesha wachambuzi kuonesha kwamba katika wanafunzi Wazungu waliokubaliwa na Harvard, zaidi ya 40 kwa mia walikuwa wa makundi hayo manne. Mada yako, ukiisimamia kwa uaminifu, inataka hao nao watolewe, na kwa hiyo inakwenda mbali kuliko walivyokwenda majaji sita. Ukitamka hivyo wewe mwenyewe mwanzoni mwa hotuba yako, utamnyang'anya mpinzani silaha yake kali kuliko zote. Ukinyamaza, ataitumia dhidi yako.

Kuhusu matokeo, jihadhari na wanaosema kwamba hakuna kilichobadilika na wanaosema kwamba kila kitu kimeanguka. Katika wanafunzi wa kwanza waliochaguliwa chini ya sheria mpya, mwaka 2024, sehemu ya weusi kule MIT ilishuka kutoka takriban 13 kwa mia hadi 5, na katika chuo cha Amherst kutoka 11 hadi 3. Kule Yale haikubadilika.

Ukiniuliza upande wangu, sikubaliani na mada yako, ingawa nakutakia ushindi. D ya Fizikia aliyoipata mtoto wa Kisiwa Panza au Kojani katika skuli yenye upungufu wa vifaa vya maabara, na D aliyoipata mtoto wa mjini aliyelipiwa tuisheni tangu kidato cha kwanza, haziwezi kuwa habari moja kwa anayetaka kujua nani atafanya vyema zaidi chuoni. Makerere waliliona hilo mwaka 1990 walipoanza kuwaongezea wasichana pointi 1.5. Brazil ililiona kwa namna yake mwaka 2012, ilipotunga sheria ya kutenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma skuli za umma, na ndani ya nusu hiyo ikazingatia kipato na rangi. Na katika jambo lako la dhulma, mama wa Wete, nitasema hivi: kumtazama mtu rangi ili kumfungia mlango ni dhulma iliyo wazi, kumtazama rangi ili kuondoa kizuizi alichowekewa kwa rangi hiyo hiyo, wakati kizuizi kingalipo, siioni kuwa dhulma ya aina moja na hiyo. Lakini ni dawa kali, na huwagusa hata wasioumwa. Panapokuwa na kipimo kilicho karibu zaidi na kizuizi chenyewe, hicho ndicho kitumike.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Nimeishi kuona nafasi za masomo zikigawiwa kwa kabila mara mbili: kwanza na Mwingereza, kisha na sisi wenyewe baada ya Mapinduzi. Sasa nawasikia vijana wakidai kwamba Pemba itengewe nafasi zake katika chuo kikuu na katika mikopo. Je, hayo si yale yale?
Maalim, Mkoani

JIBU: Maalim, shikamoo. Wewe unayajua haya kwa macho, mimi kwa vitabu, kwa hiyo utanisahihisha nikiteleza.

Utawala wa Mwingereza uliwagawa watu wa visiwa hivi katika mafungu, na faida zikafuata mafungu hayo, hata mgao wa chakula wakati wa Vita Vikuu vya Pili ambapo mchele haukugawiwa kwa jamii zote sawa. Watu waliona, wakajipanga. Ukilinganisha sensa ya 1924 na ile ya 1931 utaona kwamba walioandikwa kuwa ni Waswahili walipungua mno, na si kwa sababu walikufa wala walihama. Waliingia tu katika majina mengine yaliyokuwa na heshima au manufaa zaidi. Fungu likishafungamanishwa na faida, nasaba nazo huanza kusogea.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mizani iligeuzwa. Elimu ilitangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba mwaka huo, na tangazo hilo liliwafungulia mlango watoto wengi ambao wazazi wao wasingeweza kulipa. Nalihesabu kuwa jambo kubwa. Kisha ikaja kugawiwa kwa nafasi za sekondari kwa hesabu ya makabila, na hapo ndipo ninapokuwa na shaka. Nia ya kurekebisha ilikuwa na msingi, kwa sababu waliofungiwa kabla ya hapo walifungiwa kweli. Kasoro ni kwamba Mwarabu wa Pemba aliyekuwa na duka la kibati na mikarafuu michache, ambaye maisha yake hayakutofautiana sana na ya jirani yake Mshirazi, aliwekwa katika fungu moja na mwenye mashamba makubwa, na mtoto wake akalipa deni ambalo babake hakulikopa. Hilo ndilo nililolisema kuhusu mtoto wa daktari wa Boston, ila hapa limekwenda kinyume: kule fungu lilimfaidisha asiyehitaji, hapa lilimwadhibu asiyestahiki.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba madai ya vijana si yale yale, lakini yana hatari ya jamaa moja. Pahala mtu aliposoma panaweza kuthibitishwa kwa vyeti, ambapo nasaba haithibitiki ila kwa maneno. Tena sheria hailikatazi jambo hilo. Ibara ya 13(5) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, baada ya kueleza ubaguzi ni nini, inasema kwamba maelezo hayo hayaizuii Serikali kuchukua hatua za makusudi zenye lengo la kurekebisha matatizo katika jamii. Hatari yenyewe ni kwamba Pemba si hali moja. Mtoto wa Chake Chake mjini na mtoto wa Micheweni hawakusoma katika mazingira sawa, na Tumbatu ipo Unguja, ambako mgao wa Pemba usingeifikia. Ukitenga nafasi kwa jina la kisiwa, zitachukuliwa na watoto wa watu wa mjini wa kisiwa hicho, na wa Kojani atabaki pale pale huku takwimu zikionesha kwamba Pemba imehudumiwa.

Utaratibu ninaouona unafaa zaidi unafanana na ule wa jimbo la Texas, ambako sheria ya 1997 iliwapa wanafunzi waliokuwa katika sehemu ya kumi ya juu ya kila skuli ya sekondari haki ya kuingia vyuo vikuu vya jimbo hilo, bila kuuliza rangi wala nasaba. Kwetu skuli nyingi hazina kidato cha sita, kwa hiyo ngazi ya kuanzia ingekuwa kidato cha nne, kwa kuhakikisha kwamba walio bora wa kila skuli wanapata dakhalia na nafasi ya kuendelea. Kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu, ambacho kwa waliomaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi zisizopungua 4, kisiguswe. Atakayekikosa kwa kiasi kidogo apewe kozi ya maandalizi, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilivyofanya kwa wasichana wa sayansi katika miaka ya 1990, kwa kuwa hatumsaidii kijana kwa kumwingiza darasani ambamo atashindwa mwaka wa kwanza na kurudi na deni la mkopo.

Kabla ya yote hayo, Maalim, kuna jambo ambalo wewe na wastaafu wenzako mna heshima ya kulidai, na wala halihitaji sheria mpya: chuo kikuu cha taifa na Bodi ya Mikopo vichapishe kila mwaka idadi ya walioomba na waliokubaliwa kwa kila skuli waliyotoka, Unguja na Pemba. Kwa sasa vijana wanadai kwa kukisia, na wanaowapinga wanakisia vile vile.